Walioondoka kwa Hesabu

Mama yangu mdogo Rael hakuwahi kuhesabu watoto wake. Ukimuuliza, "Mama, una watoto wangapi?" atakujibu, "Wako." Ukimkazania, atakutazama tu mpaka uone haya mwenyewe, uulize habari za mahindi. Wala si yeye peke yake. Huku kwetu, kuanzia Sindo mpaka Homa Bay, na hata ukienda kwa Wakuria kule Kehancha, mtu mwenye akili zake hawanyoshei watoto kidole akasema mmoja, wawili, watatu. Ng'ombe wenyewe hawahesabiwi hivyo, sembuse watoto. Cheka ukitaka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa kidato cha tatu Homa Bay na nilijiona nimemaliza vitabu vyote. Sicheki tena.

Tena Rael alikuwa na sababu zake. Alizaa wanne akazika watatu. Hao naweza kuwahesabu, maana wamekwisha kwenda. Baba yao naye akafuata. Akabaki Liz. Na watu wa Sindo, Mungu awasamehe kwa sababu mimi siwezi, wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke anayezika namna hiyo na yeye mwenyewe hata kichwa hakimuumi, ana mkono wake. Jajuok, walisema. Mchawi. Hakuna aliyemwambia usoni. Walimwachia tu nafasi kwenye benchi la kanisa, nafasi ya mtu mmoja kulia na ya mtu mmoja kushoto, kila Sabato, miaka sita.

Kwa hiyo Liz alipopata mchumba wa mbali, Rael alilia kwa furaha. Kijana aliitwa Elvis, Mkuria, karani wa kupimia tumbaku upande wa Kehancha. Mpole, hanywi, ana mama yake na baba mdogo aliyemlea. Watu wasiojua maneno ya Sindo! Rael hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka mwanawe aolewe mahali ambapo jina lile halijafika, basi.

Sasa, desturi ni desturi. Wakwe wanakuja kwa mama wa binti, wanakula kwake, wanaondoka. Lakini Rael aliwaza: wakija Sindo, watashuka pale sokoni wataulizia njia, na mtu mmoja tu mwenye mdomo atatosha. Elvis, bila kujua lolote, akamrahisishia. Akasema, "Mama, msihangaike. Kuna hoteli ya zamani ya mzungu huku Migori, wakubwa wa kazini hutupeleka. Tukutane katikati." Rael akakubali haraka mno. Baadaye alikuwa akiniambia, "Niliona haya kulishia wageni nyumbani kwangu, nikawapeleka kwa mwingine." Alisema hivyo kila mara, hata hujamuuliza.

Ilikuwa Jumapili ya Aprili, mwaka wa tisini na saba. Gari la kukodi liliwakusanya wote Migori mjini, saa tano asubuhi. Upande wa binti walikuwa Rael, Liz, shemeji yake Rael aitwaye Cephas, na mke wa Cephas, Edith. Upande wa kijana walikuwa Elvis, mama yake, shangazi zake wawili, na huyo baba mdogo, Mirumbe, sajenti mstaafu wa jeshi, mtu wa kifua na sauti. Walishasalimiana, wakataniana, aibu ikawatoka. Liz alikuwa amevaa gauni la manjano. Njiani alimwinamia mama yake sikioni.

"Mama, usinigombeze. Niko na mzigo. Mwezi wa tatu."

Rael alimfinya paja, akajifanya amekasirika, kisha akageukia dirisha ili wakwe wasione anavyocheka.

Nyumba ile watu waliiita Kwa Makaloki. Makaloki alikuwa mzungu wa Skotlandi aliyekuja miaka ya thelathini kutafuta dhahabu. Alipoipata kidogo, akajenga hoteli ya mawe mazito juu ya kilima, hapo hapo juu ya mashimo yake, kama walivyojenga kwao: madirisha madogo, paa lenye mteremko mkali, na meko ya kuotea moto ndani ya chumba cha kulia, huku Migori, mahali ambapo mtu analala bila shuka. Ukutani vichwa vya paa wa kwao wenye pembe za matawi matawi. Zumari la mfuko, ngozi imekauka. Kioo kikubwa. Meza moja ndefu nyeusi, na ubao wa sakafu ukikanyaga unaitika. Makaloki alikufa zamani. Hoteli ilikuwa ya Hemed, mwenye duka la mabati mjini, lakini aliyeiendesha ni mhudumu mmoja mzee, Zablon, aliyeanza kazi pale akiwa kijana kabla ya uhuru.

Zablon aliwapokea mlangoni kwa kanzu nyeupe na mshipi wa kijani. Hakuuliza mko wangapi. Aliuliza jina la kila mmoja, akalirudia taratibu, akagonga kengele ndogo ya shaba, ndipo akampisha aingie. "Edith." Ting. "Liz." Ting.

"Mzee, hapa ni hoteli ama ni kituo cha polisi?" Mirumbe akauliza, watu wakacheka.

"Ni utaratibu wa nyumba, bwana," Zablon akasema. Hakucheka.

Rael yeye aliupenda utaratibu huo. Alijisemea, hapa kuna mtu aliyelelewa.

Kikaja kikwazo cha kwanza. Kwetu mama mkwe hali meza moja na mkwe wake; ni aibu kubwa, hata midomo yao haipaswi kuonana ikitafuna. Kwake angekula chumba cha pili. Pale chumba cha pili hakikuwapo. Zablon akaelewa bila kuambiwa. Akamtengea kijimeza peke yake kando ya meko, akiwa amewapa wengine ubavu, na mbele yake akaweka pazia la mbao lililofika kifuani. Kutoka hapo Rael aliona migongo ya waliokaa upande wake wa meza, Liz akiwa wa mwisho kabisa, na kando ya Liz kiti kitupu.

Walikula vizuri, lazima niseme. Supu ya shayiri na kondoo. Halafu kikaja kitu cha mviringo kinachofuka mvuke, maini na mapafu ya kondoo yamekatwakatwa na shayiri, yakashonwa ndani ya tumbo lake mwenyewe. Mirumbe alionja akapiga meza. "Huyu Makaloki alikuwa Mkuria! Walimpaka chokaa tu!" Mama yake Elvis akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kisha wakaletewa ngege, samaki ambao Rael mwenyewe alikuja nao kutoka Sindo ili asije mikono mitupu, akaomba jikoni wawakaange.

Hapo Liz akafanya mambo yake. Tangu mdogo, akila samaki, hakutupa mwiba. Aliipanga yote kwenye ukingo wa sahani, mmoja mmoja, ncha nje, mpaka imezunguka duara kamili. Marehemu baba yake alimwita fundi wa ua. Shangazi wa Kikuria wakaona, wakamtania, "Huyu atatujengea zizi!" Rael akiwa nyuma ya pazia alisikia wanavyomcheka mwanawe kwa mapenzi. Alisema hiyo ndiyo dakika ya furaha ya mwisho aliyowahi kupata, na anaijua kwa sababu alikuwa na kijiko mkononi akasahau kukipeleka mdomoni.

Mvua ikaja. Saa saba mchana, chumba kikaingia giza kama jioni. Zablon akawasha taa ya mafuta. Chini ya sakafu kitu kikagonga. Kwa. Kwa. Kwa.

"Nini hiyo?" akauliza Edith.

"Maji, mama. Mashimo ya zamani yanajaa," Zablon akajibu, lakini alikuwa amesimama palepale na sinia.

"Haya, lete chai," Mirumbe akasema. "Tuko wangapi hapa?"

"Nitaleta ya kila mtu, bwana. Majina ninayo."

"Majina ya nini? Kuhesabu watu ni kazi ya dakika moja." Akasimama, akanyosha kidole, sauti ya gwaride. "Moja. Mbili. Tatu."

Mama yake Elvis akasema, "Shemeji, wacha," maana hata yeye ni mtu wa huku. Hakumsikia. Rael akafumba macho.

"...nane. Tisa. Na mama mkwe kule, kumi. Lete kumi."

Cephas akacheka. "Tuko tisa, sajenti. Umejihesabu mara mbili."

"Mimi nimehesabu askari miaka ishirini na mbili!" Akaanza upya, pole pole. Moja mpaka kumi.

Radi ikapiga. Rael akafumbua macho. Mwisho wa meza aliona migongo miwili ya manjano, imekaa sawa, vichwa vimeinama sawa juu ya sahani. Akapepesa. Ukawa mmoja. Kioo, akajiambia. Kioo kile kikubwa kimenipumbaza.

Zablon akatua sinia lake, akaenda kuleta chai.

Chai ilinywewa haraka. Dereva alikuja mlangoni na viatu mkononi akasema mto unapanda, wakikawia Kehancha watafikia kuogelea. Na siku hiyo upande wa binti walipaswa waende wakauone mji wa kijana. Watu wakainuka, viti vikakwaruza. Zablon akatangulia mlangoni, akasimama na kengele yake.

"Nitawaita mmoja mmoja. Mtu atoke kwanza, akiwa nje ndipo aitike. Tafadhali. Mirumbe!"

"Niko, niko!" Mirumbe akaitikia, kisha akarudi ngazini, maji yanamtiririka usoni. "Mzee, mvua hii yote unatuita majina? Ingieni garini! Nitahesabu mimi." Akasimama kando ya gari, akaanza na kifua chake mwenyewe, kisha akawa anampiga kila anayeingia bega. Moja. Mbili. Tatu.

Zablon akamkimbilia Rael, aliyekuwa anajifunga kanga ya pili kichwani. Akamshika mkono, na wanaume wa umri wake hawashiki wanawake mikono.

"Mama," akanong'ona, "usikubali waondoke kwa hesabu. Wewe ndiye mama wa binti. Ukisema, watasimama. Niache niwaite kwa majina."

"Kwa nini?"

"Wameshahesabiwa humu ndani mara mbili. Waambie tu wasimame."

Mama yake Elvis na wale shangazi walikuwa wamesimama ngazini, wanatazama. Rael akawatazama nao. Akaona jinsi maneno yatakavyosikika yakitoka kinywani mwake yeye, mwanamke wa ziwani, mjane, aliyezika watatu. Kwamba watu wasihesabiwe. Kwamba kuna kitu ndani ya nyumba. Leo watanyamaza kwa adabu. Kesho watauliza Sindo, na Sindo itajibu.

"Twende," akasema, akaupokonya mkono wake.

"Nane," Mirumbe akasema akimpiga bega Liz. Kisha Rael. "Tisa! Kamili kabisa. Piga gari."

Gari likaanza kuteleza mteremkoni. Rael alisikia Zablon nyuma akiita kwa nguvu zake zote za uzee. "Liz! Liz!"

Liz alikuwa ameketi kando ya mama yake, anatazama mbele. Hakugeuza kichwa.

Na kutoka ndani ya nyumba, mbali, sauti ikaitika. "Niko!"

Rael alisikia. Usimtetee, mwenyewe alikataa kutetewa, alisikia vizuri. Watu wote walikuwa wanaongea kwa pamoja kuhusu mto. Akajiambia ni msichana wa jikoni, majina yanafanana. Kwani Liz si huyu hapa? Akamshika mkono ahakikishe. Ulikuwa mkono wa Liz, na kovu la kisu kidoleni. Ila wote garini walikuwa wamelowa chepechepe, na mkono ule ulikuwa mkavu.

Liz aliolewa mwezi wa sita. Kwa siku chache za kwanza Rael alijilazimisha kulala vizuri. Kisha mambo madogo madogo yakaanza kumfikia, mengine aliyaona mwenyewe.

Alipokwenda Kehancha kumtazama, alikuta ua ni safi, mume ananenepa, mama mkwe anamsifu hana maneno. Alimwita kutoka langoni. "Liz!" Binti hakugeuka. Akaita tena. Kuku waligeuka, binti hakugeuka. Mpaka Elvis alipomgusa bega ndipo akatabasamu, akaja. "Karibu, mama." Kila neno mahali pake.

Rael alimvutia kando. "Mzigo wako unaendeleaje?"

"Mzigo gani, mama?"

Rael akaweka kiganja tumboni mwa mwanawe. Tumbo bapa. Alijua miezi, angalau hiyo alikubali kuihesabu. Wakati huo ungekuwa wa saba.

"Mimba, nyathina, mwanangu. Uliniambia garini."

"Mimba gani?" Uso haukubadilika hata kidogo.

Mchana Rael akakaanga ngege. Akamwekea sahani, akakaa kwenye kigoda akamtazama anavyokula. Liz alianzia kichwani. Alitafuna kichwa. Akatafuna uti. Akatafuna miba yote, ile mikubwa ya ubavuni na ile midogo ya mkiani, na Rael alikuwa anasikia kila mmoja ukikatika. Hakukohoa. Sahani ilibaki nyeupe. Kisha akajipangusa midomo, akatazama uani walikokaa watu wa mji ule, akauliza taratibu kabisa:

"Mama, leo tuko wangapi?"

Rael aliondoka bila kuaga. Alilala Migori mjini kwa mtu wa kanisa, na kesho yake saa sita mchana alikuwa kilimani. Jua lilikuwa kali. Zablon alikuwa amekaa kwenye ngazi, kana kwamba amemngoja tangu Aprili.

"Umechelewa, mama," akasema. "Lakini wengine hawakuja kabisa."

Alimsimulia mambo ambayo yeye alisimuliwa na waliomtangulia. Makaloki aliwahesabu wachimbaji wake wakiingia shimoni asubuhi na wakitoka jioni. Hakujali majina, yalimshinda kutamka. Siku moja mvua ilipiga kama ile. Wakaingia arobaini, wakatoka arobaini. Hesabu sawa, akaenda kula. Siku tatu watu wa jikoni wakasikia kugongwa chini ya sakafu. Wakamwambia. Akasema haiwezekani, hesabu ilikuwa sawa. Akaamuru shimo lifukiwe. Mmoja wa wale arobaini waliotoka, mkewe alirudi kwao baada ya mwezi. Alisema mume wake haitiki akiitwa. Ndipo Makaloki akaelewa. Tangu siku hiyo mpaka alipokufa hakukaa mtu mezani pake bila kuitwa jina akiingia, na kuitwa tena akitoka.

"Mbona hukutuambia?"

"Nikiwaambia wageni hivyo, Hemed atanifukuza. Nilikuambia wewe. Nilikuona unafumba macho alipohesabu. Nikajua huyu anaelewa."



Zablon akampeleka ndani. Meza ndefu ilikuwa tupu, ila pale mwisho, mahali alipokaa Liz, palikuwa na sahani moja. Juu yake miba ya samaki, imepangwa ukingoni, mmoja mmoja, ncha nje, duara kamili.

"Namwekea chakula kila mchana," Zablon akasema. "Namwita jina asije akalisahau. Nikirudi kuchukua vyombo, nakuta hivyo."

Rael akapiga magoti juu ya ubao. Akaweka mdomo karibu na sakafu. "Liz."

Kwa. Kwa. Kwa.

Sitasimulia alivyolia. Alipomaliza, Zablon akamwambia njia ilikuwa moja tu. Yule aliyetoka arudishwe, aingie kwa mlango ule ule, aitwe jina mbele ya waliokuwapo siku ile. Akishindwa kuitika mara tatu, nafasi inafunguka, na aliye chini ataitika na kutoka.

Kwa hiyo Rael akarudi Kehancha, na safari hii hakuona haya. Aliwaeleza wote, Elvis, mama yake, Mirumbe, uani, mchana. Aliwaomba waende hotelini mara moja tu, wakale, waitwe majina. Alipiga magoti. Mirumbe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba watu walikuwa wamemwambia habari za mama huyu wa Sindo, na yeye akakataa kuamini.

"Sasa umetuambia mwenyewe."

Yule wa gauni la manjano alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani, anatingisha kichwa kwa huzuni. "Mama anaumwa tangu baba afe," akasema. Elvis alimsindikiza Rael mpaka barabarani akamsihi, kwa heshima zote, asirudi tena.

Neno alilolikimbia miaka sita likamfika hivyo, tena kwa watu alionyamaza ili wasilisikie. Angesema siku ile ngazini, wangemwita mchawi, na Liz angekuwa hai nyumbani, hajaolewa. Alinyamaza, na wakamwita vile vile. Sijui kama kuna uchungu unaozidi huo. Mimi sijauona.

Zablon alikufa mwaka uliofuata, na Hemed akafunga hoteli. Watu waliondoa madirisha, meza, hata vile vichwa vya paa. Sakafu haikuguswa; kila aliyejaribu kung'oa ubao aliacha nyundo akaenda zake. Rael aliendelea kwenda. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, alitoka Sindo alfajiri na ngege mmoja aliyekaangwa, amefungwa kwenye jani. Alimweka kwenye sahani sakafuni, akaita, akagongewa, akatoka kukaa ngazini. Akirudi anakuta ua wa miba.

Kisha ikaja ile sensa ya mwezi wa nane, tisini na tisa. Karani aliyefika kwake alikuwa msichana mpole, na karatasi zake kwenye ubao. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimekwenda kumsaidia palizi.

"Mama, una watoto wangapi walio hai?"

"Wako."

"Wangapi, mama? Lazima niandike namba."

"Andika wako."

Msichana akanitazama mimi. Nikamwambia, "Mmoja. Ameolewa Kehancha." Nilitaka tu aondoke. Siku hiyo Rael hakula chakula nilichopika.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata nilikwenda naye, nadhani ili aone kwamba nimetubu. Ndiyo mara yangu ya pekee. Paa lilikuwa limetoboka, jua linaingia mpaka sakafuni. Hapakuwa na mtu kilima kizima. Tuliona njia yote tuliyopanda. Aliweka samaki, akaita, akagongewa. Nilisikia kwa masikio yangu. Tukatoka, tukakaa ngazini tukitazama mlango, na hakuna aliyeingia wala kutoka. Kisha akaniambia njoo.

Duara la miba lilikuwa ukingoni, limepangwa vizuri, ncha nje, miba bado na unyevu. Rael aliinama kuichukua sahani, akasimama hivyo hivyo, ameinama.

Ndani ya duara lile palikuwa na jingine dogo, la miba midogo ya mkiani. Lilikuwa limepindapinda, ncha nyingine ndani, nyingine nje, kama kazi ya mkono mdogo unaofundishwa.